Bujora: Padri Aliyeifungulia Ngoma Mlango wa Kanisa

Miezi michache baada ya Japani kusalimu amri katika mwaka wa 1945, askari wachache wa Kimarekani waliokuwa katika jeshi lililoikalia nchi ile walikaribishwa nyumbani kwa bwana mmoja aitwaye Tatsui Sato, katika mji mdogo wa Narumi karibu na Nagoya, na mwenyeji wao, kwa ada ya ukarimu wa taifa lake, akawaandalia chai. Wageni waliikataa kwa adabu, kwa kuwa walikuwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao ulimwengu umezoea kuwaita Wamormoni, na madhehebu yao yanakataza chai na kahawa kama yanavyokataza pombe na tumbaku. Kukataa huku, ambako katika nyumba nyingine kungeweza kuhesabiwa kuwa ni ufedhuli, hapo kulizaa swali, na swali likazaa mazungumzo yaliyoendelea kwa miezi, hata tarehe 7 Julai 1946 Sato na mkewe, Chiyo, wakabatizwa. Na kijana aliyembatiza mke, Boyd Packer, alikuja kuwa miongoni mwa wakuu wa kanisa lile, ilhali Sato mwenyewe alifanya kazi kubwa ya kuyatafsiri maandiko ya madhehebu hayo kwa Kijapani.

Nimeanza na Japani kwa sababu watu wa Ziwa Victoria si wageni kabisa katika habari hiyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake vilikuwamo vikosi vya Keya (King's African Rifles) vya Tanganyika, ilipigana na Wajapani huko Burma katika mwaka wa 1944, ikashuka bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria mpaka ikaufikia mto Chindwin. Wasukuma walikuwamo katika jeshi hilo. Kijana aliyeondoka nyumbani akijua ng'ombe, jembe na ngoma ya kwao alirejea akiwa ameyaona mahekalu ya Wabudha, amekaa pamoja na Wahindi na Waingereza katika handaki moja, na amemwona mzungu akitetemeka kwa hofu kama atetemekavyo mtu mwingine yeyote. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kufundishwa dini kama mtoto afundishwavyo herufi. Atauliza, na akijibiwa kwa amri tupu atanyamaza na kwenda zake.

Basi miaka iliyofuata vita ilikuwa miaka ya wamisionari wengi na maswali mengi, kule mashariki ya mbali na huku kwetu. Wamormoni, ambao misheni yao ya Japani ilianzishwa mwaka 1901 na kufungwa mwaka 1924 kwa uchache wa mavuno, waliifungua upya mwaka 1948 chini ya Edward Clissold, na baadhi ya vijana wa kwanza waliotumwa walikuwa Wamarekani wenye nasaba ya Kijapani kutoka Hawaii. Shirika la Kikatoliki la Maryknoll, lililoasisiwa Marekani mwaka 1911 na ambalo kabla ya vita lilikuwa na mapadri wake China, Korea na Japani, liliwaleta watu wake Musoma katika mwaka wa 1946, na baadaye Shinyanga. Na China ilipojifunga kwa wageni baada ya mapinduzi ya 1949, nguvu ambazo zingalimwagwa kule zilielekezwa kwingine, Afrika ikiwamo.

Sasa, katika kila nchi ambayo watu wake huwatukuza wazee wao waliofariki, mmisionari hukutana na swali moja ambalo halikwepeki: nikikufuata wewe, wafu wangu wako wapi? Nyumba ya Kijapani ina altare yake ndogo ya wazee, nao huwekewa chakula na kufukiziwa ubani. Wamormoni walikuwa na jibu lao mahsusi, nalo ni kwamba aliye hai aweza kubatizwa kwa niaba ya aliyekufa, maadamu jina na nasaba yake vimepatikana, na ibada hiyo haifanyiki ila katika hekalu. Ndiyo maana mwaka 1965 kundi la waumini wa Japani lilisafiri kwa ndege hadi Hawaii, bahari yote ile, ili kuziingia ibada za hekalu ambalo kwao halikuwapo bado. Na hekalu la Tokyo lilipowekwa wakfu mwaka 1980 lilikuwa la kwanza la madhehebu hayo katika bara zima la Asia. Si kazi yangu hapa kulihukumu fundisho lao. Ninalolitaka lionekane ni kwamba palipokuwa na jibu juu ya wafu, ndipo Mjapani aliposikiliza.

Msukuma naye alikuwa na masamva wake, yaani mizimu ya wazee. Ndani ya ua wa nyumba kilisimama kibanda kidogo cha mizimu, mjukuu alipewa jina la babu ili babu asitoweke, na ugonjwa au mkosi ulipoingia mfumu, yaani mganga, aliulizwa ni mzee yupi aliyesahauliwa. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika kusini mwa ziwa letu tangu 1878 wakielekea Uganda, na walipotoka Buganda mwishoni mwa 1882 kwa kuhofia usalama wao walipiga kambi Bukumbi, ambako misheni yao ilianza mwaka 1883 pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Waprotestanti wa Africa Inland Mission waliipokea Nassa kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909, wakajifunza Kisukuma kwa bidii ambayo lazima isifiwe, hata Agano Jipya likapatikana kwa lugha hiyo mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1960. Walifanya mengi ya heri: shule, zahanati, hospitali ya Kolandoto. Lakini juu ya ngoma na mizimu, wengi wa wale wa mwanzo, wa pande zote mbili, walikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa la kukataza. Mkristo mwema alikuwa ni yule asiyeonekana uwanjani.

Amri hiyo ilidai jambo kubwa kuliko walivyodhani walioitoa. Ngoma katika Usukuma haikuwa pumbao la jioni. Ilikuwa ndicho chama cha kulimia, kwa kuwa bugobogobo huchezwa kwa majembe, na watu hulima shamba la mwenzao kwa mdundo mmoja. Ilikuwa ndiyo elimu ya waganga, ndiyo shule ya wawindaji wa nungunungu waitwao Wanunguli na ya Wayeye wanaojua nyoka na dawa zake. Ilikuwa ndiyo hazina ya historia, kwa maana manju hutunga nyimbo juu ya njaa, juu ya watemi, juu ya vita na juu ya bei ya pamba. Kumwambia kijana aiache ngoma ilikuwa ni kumtaka awaache wakulima wenzake, tabibu wake na kumbukumbu za ukoo wake kwa siku moja. Wako walioacha, kwa imani ya kweli. Wengi zaidi waligawanyika, asubuhi kanisani na jioni uwanjani, na dhamiri zao hazikuwa na raha pahali popote.

Katika hali hiyo ndipo alipofika padri David Clement, Mkanada wa Quebec, wa shirika lilelile la Mapadri Weupe, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza maskani yake juu ya vilima vya mawe vya Bujora, kama kilomita 20 kutoka katikati ya mji wa Mwanza, ukitoka Nyamagana kwa barabara ya Musoma, ukaipita Igoma na kufika Kisesa. Watu walimpa jina la Fumbuka, na kwa jina hilo wazee wanamkumbuka hata leo. Hakuwa mtaalamu aliyekuja kuandika kitabu juu ya kabila na kuondoka nacho. Alikuja kuhubiri, na hakuificha nia hiyo. Lakini alikuwa na unyenyekevu wa kuanza kwa kusikiliza. Pamoja na wazee, wanamuziki na makatekista wa Kisukuma aliunda kamati ya utafiti wa mila, ikakusanya hadithi, nyimbo, methali na vyombo, na kwa msaada wao zikapatikana nyimbo za ibada zenye mahadhi ya Kisukuma, zikaimbwa na watu ambao mpaka hapo walikuwa wamezoea kumsikia Mungu akisifiwa kwa Kilatini na kwa tuni za Ulaya.

Msomaji na akumbuke tarehe, kwa kuwa ndani yake kuna ujasiri ambao leo hauonekani. Mtaguso wa pili wa Vatikano haukuanza mpaka 1962, na hati yake juu ya liturujia, iliyozifungulia lugha za mataifa mlango wa ibada, ilitolewa Desemba 1963. Kabla ya hapo, kuleta ngoma karibu na altare lilikuwa jambo la kuombewa idhini na kutiliwa mashaka. Bujora haikuwa peke yake: huko Kamina, katika Kongo ya Wabelgiji, padri Guido Haazen na vijana wake waliimba Missa Luba katika mwaka wa 1958, na hapa kwetu padri Stephen Mbunga, mwana wa nchi hii, aliandika mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Mwanza nayo ilikuwa na bahati ya askofu mwenye upeo, Joseph Blomjous, Mholanzi, aliyekuwa askofu wa kwanza jimbo lilipopewa hadhi kamili mwaka 1953, na ambaye mwaka 1960 alianzisha pale Nyegezi, ndani ya Nyamagana yetu, chuo cha mafunzo ya jamii ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Padri wa vijijini hawezi kuthubutu peke yake pasipo mkubwa wa kumkinga, na naamini Bujora ilistawi kwa sababu hiyo pia.

Kanisa lililojengwa pale ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kisukuma. Ndani yake alama za enzi ya mtemi zimewekwa kumzunguka Kristo, ili muumini aingiapo aelewe pasipo kuambiwa kwamba aliyeketi hapo ni mtawala, na kwamba utawala wake unasemwa kwa lugha ya nchi hii. Mtu aliyelelewa Roma ataona hapo mambo mageni. Msukuma aliyezoea kwenda ikulu ya mtemi aliona mara moja mahali pa kupiga magoti.

Lakini kiini cha habari kimo uwanjani, katika sikukuu ya Bulabo. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo huangukia mwishoni mwa Mei au katika Juni, yaani wakati ambao Wasukuma wamekwisha kuvuna na majira ya ngoma yamefunguka, nayo ikaunganishwa na mashindano yale makuu ya Wagika na Wagalu. Vyama hivi viwili vinazihusisha asili zao na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao husimuliwa kuwa walishindana kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Na kwa kuwa ushindi haukupatikana kwa namna ya kuwaridhisha wote, mashindano yamerithiwa na wajukuu na vitukuu mpaka leo. Misa husomwa, Ekaristi huandamanishwa kwa maua na vigelegele, na kisha uwanja huachwa kwa ngoma.

Desturi ya mashindano haya inastahili kuelezwa kwa utulivu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, Wagika huku na Wagalu kule, kila upande na manju wake, ngoma zake, mavazi yake na hila zake, na kwa asili hakuna mwamuzi anayeketi mezani na kalamu. Mwamuzi ni umati. Watazamaji wako huru kusimama watakapo, na mshindi ni yule ambaye halaiki imemwendea. Kwa hiyo utaona watu elfu wakimiminika upande mmoja kwa kuwa kule ametokea mtu aliyejiviringisha chatu shingoni, na kitambo kidogo wakageuka wote kuwakimbilia wa upande wa pili waliorusha majembe juu na kuyadaka bila kupotea mdundo. Na manju anayeuona umati ukimtoka hubadili wimbo papo hapo, hutunga fumbo jipya, huwacheka wapinzani, hufanya kila awezalo kuwarudisha. Zamani, na si zamani tu, dawa za mvuto zilitumika kwa siri, na kila chama kilikuwa na waganga wake. Hakuna anayelazimishwa kubaki. Msukuma hutoa hukumu yake kwa miguu.

Fumbuka aliiweka imani yake katikati ya uwanja wa namna hiyo, kwa hiari yake, mbele ya watu waliozoea kusikiliza pande mbili kwa wakati mmoja na kwenda kwenye ile iliyowagusa. Hilo ndilo linalonifanya nimtukuze. Wako wamisionari waliokwenda kwa watu kana kwamba watu ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa; huyu alikubali kuwa mmoja wa wanaopimwa. Na waliompima hawakuwa wajinga. Msukuma aliyebatizwa Bujora alibatizwa akiwa ameona ngoma ya babu yake ikitembea nyuma ya Ekaristi, na akijua kwamba kanisa hili huwaombea marehemu kila siku ya misa na tarehe 2 Novemba huwakumbuka wote kwa pamoja. Swali la wafu halikupata jibu la kuuridhisha kila moyo, na kati ya kumwombea mzee na kumwomba mzee kuna mpaka ambao mapadri waliushika kwa nguvu. Lakini mlango wa mazungumzo haukufungwa usoni mwa mtu.

Kisha ikaja saa ambayo Bujora iliifanyia nchi nzima kazi. Mwaka 1963, Tanganyika huru iliondoa utawala wa machifu kwa sheria, kwa sababu za umoja wa taifa ambazo mimi nazikubali, na watemi wa Usukuma wakawa raia kama raia wengine. Ngoma za enzi, viti, mikuki, mataji na vidani vya utawala vikabaki bila ofisi. Vitu vya namna hiyo, visipokuwa na mlinzi, huliwa na mchwa au hununuliwa kwa siri na wafanyabiashara wa sanaa, na hatima yake ni ukutani katika nyumba ya tajiri wa ng'ambo. Familia kadhaa za watemi zilikubali kuviweka Bujora, katika jengo lililotengenezwa kwa umbo la kiti cha enzi, na karibu yake yakasimama mengine: nyumba ya mganga, nyumba ya mhunzi, banda la vyama vya ngoma. Hivyo ndivyo ilivyopatikana Makumbusho ya Wasukuma, ambayo watalii huijua vizuri kuliko watoto wa Mabatini na Mkolani.

Wako wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba kanisa liliinyakua ngoma: kwamba chombo kilichokuwa cha mganga na mtemi kimewekwa chini ya paa la padri, na kwamba aliyeamua lipi la kutunza na lipi la kuacha alikuwa ajinabi. Upande wa pili wako Wakristo, wa madhehebu mbalimbali, wanaoona kwamba Bujora ilikaribisha uganga kanisani kwa jina la utamaduni. Nimeyapima yote mawili. Kwa hawa wa pili nasema kwamba miaka sabini ya Bulabo haijaufanya Ukristo wa Usukuma kuwa dhaifu. Makanisa yamejaa, na miito ya upadri na utawa imetoka katika nyumba zilezile za wacheza ngoma. Kwa wale wa kwanza nakubali kwamba insafu bado haijatimia, ila naiona dhuluma hiyo mahali pengine. Haimo katika kuhifadhi, kwa kuwa bila Bujora mengi yangekwisha kupotea. Imo katika majina. Jina la padri tunalijua. Majina ya wazee waliomfundisha, ya mabingwa waliochonga, ya wanawake waliomwimbia nyimbo za mavuno usiku kucha ili aziandike, ya makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango wakieleza kwa Kisukuma yale ambayo padri aliyaweza kwa nusu, hayo hayasomeki katika vitabu wala katika vibao. Fumbuka peke yake asingaliweza kutunga hata ubeti mmoja wa kumtoa Msukuma machozi.

Na hili lina dawa, maadamu wako hai baadhi ya waliokuwapo, au watoto wao. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Nyegezi, kina wanafunzi wa uandishi wa habari na wa elimu, nao wanaweza kufika Kisesa kwa daladala na kurudi kabla ya jua kutua. Parokia zina vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Familia zina picha za zamani ndani ya masanduku, na bibi anayejua ni nani aliyesimama kushoto kwa padri. Nawasihi walimu wa shule za Nyamagana wawapeleke watoto Bujora katika majira ya Bulabo, si kwa kutazama tu, bali kila mmoja arudi na jina la mzee mmoja, alilolisikia kwa mwenyewe au kwa ndugu zake, pamoja na kazi aliyoifanya. Na nawasihi walinzi wa makumbusho wayapokee majina hayo na kuyaandika katika daftari linaloonekana na kila mgeni. Na wewe msomaji ambaye baba au babu yako alikuwa Mgika au Mgalu, katekista au manju, usingoje kuulizwa: andika wiki hii unayoyajua, na uyapeleke Bujora kwa mkono wako mwenyewe.